Ushahidi wa Ndoa ya Sikudhani

Ipo nchi moja ambayo jina lake halitajwi bila kibali, na dirisha la kutolea kibali hicho limefungwa kwa ukarabati tangu uhuru. Basi tuiache bila jina. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko watu wanaozikumbuka, na ina Wizara ya Mapenzi na Mipaka, inayoongozwa na Mheshimiwa Dakta Kilimbwaga, kiongozi mwenye huruma kubwa ambayo bado haijatumika.

Katika nchi hiyo aliishi Sikudhani, fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule. Kibanda chake kilipakana na bucha. Siku moja jokofu la bucha liligoma, akaitwa fundi kutoka nchi ya ng'ambo ya daraja, mwanamume mrefu, mpole, aliyeitwa Kalunde. Alilitengeneza jokofu asubuhi moja, kisha akawa anakuja kulikagua kila siku. Mwenye bucha ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa kwamba kinachokaguliwa si jokofu. Mwaka haukuisha wakaoana mbele ya msajili, wakapewa cheti chenye muhuri wa serikali, wakapanga nyumba nyuma ya soko, na maisha yakaenda kama yanavyokwenda kwa watu wasiomdhuru mtu.

Sikudhani alikuwa na mimba changa wakati Kalunde alipopata habari kwamba baba yake amefariki. Akavuka daraja kwenda kuzika. Akiwa bado yuko matangani, bunge likapitisha Sheria ya Kuilinda Ndoa dhidi ya Wanandoa. Dakta Kilimbwaga aliwaeleza wabunge, kwa uchungu unaostahili cheo chake, kwamba imegundulika wageni wanaoa mabinti wa taifa kwa nia ya siri ya kuishi nao. Wabunge waligonga meza mpaka zikalegea miguu.

Kalunde aliporudi darajani alisimamishwa.

"Unakwenda wapi?" askari wa mpakani akamwuliza.

"Nyumbani kwa mke wangu. Cheti chetu cha ndoa hiki hapa."

Askari alikisoma cheti mbele na nyuma, akakinusa. "Hiki kinathibitisha kwamba mlifunga ndoa," akasema. "Hakithibitishi kwamba mmeoana. Kaa huko huko mpaka mkeo akuombee Kibali cha Mwenza."

Akakaa huko huko. Mwanamvua alizaliwa, akaota meno, akaanza kutambaa, na baba yake alimwona kwenye simu tu.

*

Maombi ya Kibali cha Mwenza yalipokelewa na Idara ya Uhakiki wa Mapenzi, katika jumba refu ambalo lifti yake ilikuwa ya wakubwa na ngazi zake zilikuwa za wananchi. Mhakiki Mkuu aliitwa Bwana Fungameza. Alikuwa mtu safi, mwenye kalamu za rangi mbalimbali mfukoni, na ilisemekana hajawahi kukosea, kwa kuwa hajawahi kumaliza jambo.

Mara ya kwanza Sikudhani alimpelekea picha za harusi. Fungameza alizipanga mezani, akazitazama kwa muda mrefu huku akitikisa kichwa.

"Mnacheka," akasema.

"Ndiyo, mzee. Ilikuwa harusi."

"Mnacheka mno, bibie. Mimi nina ndoa ya miaka mingi, na nakuhakikishia watu waliooana kweli hawachekani hivi. Haya ni meno ya watu wanaotafuta kibali."

"Lakini wakati ule hata hicho kibali hakikuwepo!"

"Ndiyo ujue walivyo wajanja," akasema Fungameza. "Walianza mapema."

Mara ya pili alimleta mtoto. Mwanamvua alikuwa na paji la uso la baba yake, pana na lililotokeza mbele kidogo. Mtu yeyote aliyewahi kumwona Kalunde angesimama njiani kumsalimia yule mtoto. Fungameza alimtazama kwa juu ya miwani.

"Mtoto ni ushahidi wa tukio," akasema. "Idara haichunguzi matukio. Idara inachunguza mapenzi."

"Mzee, mtazame. Si baba yake mtupu?"

"Kufanana nako siku hizi kunaghushiwa."

Mara ya tatu alitakiwa alete mazungumzo yao ya simu, yote, yamechapwa kwenye karatasi. Alikwenda kuyachapisha kwa yule mwenye kompyuta karibu na stendi, akiwa ameinamisha uso kwa haya wakati karatasi zikitoka moja baada ya nyingine. Kulikuwa na mambo humo ambayo mtu humwambia mumewe tu. Alifikiri, maskini, kwamba afisa atayasoma kimoyomoyo.

Fungameza aliyasoma kwa sauti. Mlango ulikuwa wazi na foleni nzima ilikuwa ikisikia.

"'Umekula?' 'Nimekula.' 'Mtoto kalala?' 'Kalala.' 'Mvua imenyesha huko?' 'Kidogo.'" Akaweka karatasi chini. "Sasa bibie, nionyeshe. Hapa mapenzi yako wapi?"

"Ndiyo hayo hayo, mzee."

Fungameza alicheka, akafunua kurasa za mbele, akayafikia yale mengine. Nayo akayasoma, polepole, kwa sauti ya mtu anayewasomea watoto hadithi, na kila alipofika penye neno la faragha alilirudia ili katibu wake aliandike sawasawa. Nje watu walitazama viatu vyao. Sikudhani alisimama pale, mtoto mgongoni. Alitaka kuzinyakua zile karatasi na kumpiga nazo. Lakini kibali kilikuwa mkononi mwa mtu huyo, naye Kalunde alikuwa ng'ambo ya daraja, kwa hiyo akameza.

Alipotoka, mama mmoja mtu mzima alimpisha nafasi kwenye benchi. Huyo alikuwa Bi Tatu, mkongwe wa foleni ile.

"Usilie, mwanangu," akamwambia. "Ukilia wataandika kwamba una msongo, na mwenye msongo haruhusiwi kuomba."

"Silii, mama. Nina hasira."

"Hiyo ifiche zaidi."

"Wewe umekuja kumwombea nani?"

"Mume wangu. Waliniomba picha nyingine, nikaenda kuitafuta. Niliporudi nayo, nikapigiwa simu kwamba amekufa huko huko ng'ambo." Bi Tatu alilisema hilo kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Nikaja kuifunga faili. Wakaniambia maombi hayafungwi mpaka nithibitishe kwamba aliyekufa alikuwa mume wangu. Ndiyo naleta ushahidi."

Sikudhani alimshika mkono, na walikaa hivyo mpaka ofisi ilipofungwa kwa ajili ya chai.

*

Miezi ikapita, kisha Idara ikatoa mwongozo mpya. Utafiti wa kina, uliofanywa na mtaalamu aliyepewa talaka, ulionyesha kwamba wanandoa wa kweli hugombana. Waombaji wote wakatakiwa kuwasilisha ugomvi.

"Wa maneno au wa ngumi?" Sikudhani akauliza.

"Wa maneno unatosha," akajibu Fungameza, ambaye alikuwa mtu wa maendeleo. "Nitakuja mwenyewe kuushuhudia."

Alikuja kweli, na gari la serikali, akaketi kwenye kochi la Sikudhani, akanywa chai yake, akala maandazi yake, kisha akachomoa kalamu nyekundu. Sikudhani alimpigia Kalunde na kuweka sauti ya wazi. Walikuwa wamepanga: yeye angemlaumu kwamba hatumi matumizi, Kalunde angejibu kwamba kazi ni ngumu, wapandishe sauti kidogo, yaishe.

"Baba Mvua," akaanza, "mbona hututumii matumizi?"

"Kazi ni ngumu, Mama Mvua."

"Baridi," akanong'ona Fungameza, akitikisa kalamu. "Huu ni ugomvi wa majirani."

Wakajaribu tena. Fungameza akasema bado. Akawaambia waseme kitu kinachouma, la sivyo ataandika kwamba hawajuani. Kisha Kalunde akasema, na sauti yake haikuwa ile ya mchezo, "Labda wewe umeshazoea kukaa bila mimi."

"Nimezoea?" Sikudhani akasema.

"Unakwenda huko ofisini miezi yote hii, unarudi mikono mitupu. Labda hutaki sana."

"Kalunde!" Hakuwahi kumwita kwa jina tangu mtoto azaliwe. "Mimi ninayesomewa siri zangu mbele ya watu? Wewe umebadilisha nepi ngapi? Umekesha na homa ya mtoto mara ngapi? Umekaa huko unahurumiwa na dada zako, unapikiwa, halafu unaniambia mimi sitaki?"

"Usiwataje dada zangu."

"Nitawataja! Nawe kama ungekuwa mwanamume ungeuogelea ule mto!"

"Waliouogelea walipigwa risasi, Sikudhani. Ndiyo unataka?"

Kutoka ng'ambo Sikudhani alimsikia mumewe akipumua kwa nguvu, kama mtu anayezuia kilio, halafu simu ikakatika. Mwanamvua alikuwa ameshaanza kulia zamani.

Fungameza alipiga makofi. "Safi!" akasema. "Safi kabisa! Katika kazi yangu yote sijaona ugomvi kama huu!" Akachukua andazi jingine la njiani.

Uamuzi ulitoka baada ya siku chache, ukiwa umeandikwa kwa lugha ya upole. Idara iliridhika pasipo shaka kwamba ndoa ya Sikudhani na Kalunde ni ya kweli. Hata hivyo, kutokana na ugomvi ulioshuhudiwa, ilikuwa dhahiri kwamba ndoa hiyo imeharibika, na serikali haiwezi kumwingiza mgeni nchini kwa ajili ya ndoa mbovu. Maombi yamekataliwa. Idara inawatakia suluhu njema.

Sikudhani aliusoma amesimama penye cherehani. Akakaa, akashona sare zote zilizokuwa zimebaki, mstari kwa mstari, akikanyaga kwa nguvu hata mwenye bucha akaja kuuliza kama kuna usalama.

"Upo," akamjibu. "Ila usiniongeleshe leo."

*

Ikawadia Siku ya Upendo wa Taifa, inayoadhimishwa uwanja wa mpira. Kila mwaka Wizara humtunuku mwanamke mmoja Tuzo ya Mke Mvumilivu. Mwaka ule walitafuta kwenye kumbukumbu mwombaji aliyepanda zile ngazi mara nyingi kupita wote. Bi Tatu aliondolewa kwa kuwa hali yake ya ndoa ilikuwa bado inachunguzwa. Akabaki Sikudhani.

Alipelekewa gauni la kuvaa na karatasi ya maneno ya kushukuru. Alikubali kwenda. Waliomjua walishangaa, lakini hawakumwuliza.

Jukwaani kulikuwa na mazulia, maua ya plastiki na Waziri mwenyewe, na pembeni yake mkewe mpya, binti wa kigeni kutoka nchi ya mbali kabisa. Watu walisimuliana kwa fahari jinsi kibali chake kilivyogongwa muhuri ndege ikiwa bado iko angani, kwa heshima ya itifaki. Alikuwa hana kosa, dada wa watu. Aliketi akijipepea, akimtabasamia kila aliyemtazama.

Waziri akanguruma kwenye kipaza sauti. "Ndugu wananchi! Upendo ni rasilimali! Na rasilimali isipolindwa huvuja! Wapo wanaodai tunawatenganisha watu. Nasema hapana! Tunawapa wananchi nafasi ya kukumbukana! Nani humkumbuka mtu aliye naye chumbani?" Makofi. "Mtazameni mama huyu. Hakulalamika. Hakuchoka. Anatufundisha kwamba kusubiri ndiyo ndoa yenyewe! Mama, njoo upokee khanga yako, uwaambie wananchi siri ya uvumilivu."

Khanga ilikuwa na picha ya Waziri, pindo hadi pindo. Sikudhani aliipokea. Akaikunjua ile karatasi ya shukrani, akaitazama, akaikunja.

"Mimi si mvumilivu," akasema. "Wamewadanganya. Nimekasirika. Nafua nimekasirika, nashona nimekasirika, namnyonyesha mtoto nimekasirika mpaka naogopa maziwa yatamdhuru. Mheshimiwa, watu wako wamesoma maneno yangu na mume wangu mlango ukiwa wazi. Wamekula maandazi yangu huku wakituchonganisha. Yule pale, Bi Tatu, mumewe alikufa ninyi mnadai picha. Picha! Na wewe wa kwako yuko hapo pembeni yako, nami namtakia heri, lakini ni nani aliyekuuliza kama mnacheka mno?"

Fundi mitambo alikata kipaza sauti. Haikusaidia kitu. Sikudhani alikuwa amezoea kuongea juu ya mngurumo wa cherehani.

"Nipeni mume wangu!" akasema. "Na hii khanga jifutieni jasho!"

Akaiweka mapajani mwa Waziri. Uwanja mzima ulinyamaza, isipokuwa mwanamke mmoja mzee aliyesimama kule kwenye viti vya jua, akapiga vigelegele peke yake, virefu, mpaka askari wakampata.

*

Alishtakiwa kesho yake, kwa kosa la kumwonyesha kiongozi hasira ghafi hali akichochewa na mume wa kigeni. Kifungu hicho cha uchochezi ndicho kilichobeba adhabu nzito, na mwendesha mashtaka alikipenda. Tatizo likawa moja: bila mume, hakuna mchochezi.

"Una hakika kwamba huyo Kalunde ni mume wake?" hakimu akauliza.

"Mheshimiwa, halina shaka hata chembe!" mwendesha mashtaka akasema. Akainua cheti cha ndoa. "Muhuri wa serikali huu hapa. Nani anathubutu kuutilia shaka?" Akamwonyesha kidole Mwanamvua, aliyekuwa amepakatwa na mwenye bucha. "Na lile paji la uso, mheshimiwa, ni la nani?"

Akaitwa Bwana Fungameza. Aliapa, akatoa miwani, akaieleza mahakama kwamba yeye binafsi amechunguza ndoa hiyo kwa kina na kwamba katika utumishi wake wote hajaona watu wawili waliounganika kama wale. "Mheshimiwa, walikuwa wakiulizana kama wamekula. Kila siku. Mtu asiyekupenda hakuulizi umekula."

Kizimbani, Sikudhani alishika ubao kwa mikono miwili. Wengi walidhani ameogopa. Alikuwa anajizuia asiruke. Yote aliyoyabembeleza, kwa ngazi zile zote, sasa yanamwagwa bure asubuhi moja, kwa sababu safari hii yalikuwa ya kumwumiza.

Hakimu hakukawia. Mshtakiwa, kwa kuwa ni mke halali, alihesabiwa kuwa amefuata akili ya mumewe, akaachiwa kwa onyo kali. Mume, kwa kuwa ndiye chanzo, afukuzwe nchini mara moja.

Sikudhani akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, mume wangu hayupo nchini. Mmemzuia kuingia."

Hakimu alimtazama mwendesha mashtaka. Mwendesha mashtaka akatazama dari.

"Amri ya mahakama haibatilishwi kwa sababu ya jiografia," akasema hakimu. "Aletwe, afukuzwe."

Hakuna aliyecheka. Mlangoni palikuwa na askari.

*

Basi serikali, iliyomkatalia Kalunde kuingia muda wote ule, ikatuma gari lenye king'ora kwenda kumchukua. Alivushwa daraja akiwa amefungwa pingu, akaingizwa kwenye ukumbi wa mpakani. Taratibu zilikuwa wazi: mtu hawezi kutolewa kabla hajaingizwa. Askari wa dirishani alimgongea muhuri wa kuingia, na kwa kuwa wino ulikuwa wa serikali na haukauki upesi, ikabidi wasubiri kabla ya kugonga ule wa kutoka.

Sikudhani alikuwa pale tangu alfajiri, mtoto mgongoni na begi miguuni.

Walitazamana. Kalunde alikuwa amekonda, na nywele za kando ya masikio zilikuwa zimeingia mvi.

"Mama Mvua," akasema. "Yale niliyosema siku ile..."

"Nyamaza. Hata mimi nilisema." Akamgeukia askari. "Mfungue mikono. Amshike mwanawe."

Askari akasita, akatafuta kama kuna mkubwa karibu, halafu akazifungua.

Mwanamvua alimkataa kwanza. Alimjua baba yake akiwa mdogo wa kuenea kiganjani, mwenye sauti nyembamba. Huyu alikuwa mkubwa kama mlango, na ana harufu. Alilia, akajivuta nyuma, akamtazama mama yake, akamtazama tena yule mtu. Kalunde hakumlazimisha. Alimwita tu jina lake kama alivyokuwa akimwita kwenye simu. Mtoto akanyamaza kusikiliza. Kisha akanyoosha mkono, akamkamata sikio, akalivuta kuona kama ni la kweli.

Kalunde alilia waziwazi, mbele ya askari wote. Sikudhani hakulia. Alikuwa anamtazama mtu mzima akifurahia kuvutwa sikio na mwanawe mwenyewe, kwa ruhusa ya wino, na hasira aliyoisikia ilikuwa kubwa kiasi kwamba ilimtuliza.

"Umekauka," akasema askari wa dirishani, akagonga muhuri wa kutoka. "Mtuhumiwa arudi kwao."

"Nigongee na mimi," Sikudhani akasema, akiweka hati yake mbele ya dirisha. "Na mtoto."

"Wewe hujafukuzwa, mama."

"Najua. Naondoka."

"Kwa sababu gani?"

"Namfuata mume wangu."

Yule askari akafungua mdomo, nadhani kwa mazoea tu ya kazi, kutaka kuuliza swali. Sikudhani alimtazama. Askari akaufunga mdomo, akagonga muhuri mara mbili, akawa mwepesi kuliko alivyowahi kuwa tangu aajiriwe.

Jioni ile redio ya taifa ilitangaza kwamba Wizara ya Mapenzi na Mipaka imepata mafanikio makubwa: mgeni mmoja hatari ameondolewa nchini, na foleni ya waombaji imepungua. Dakta Kilimbwaga alipongezwa. Fungameza alipandishwa cheo, akapewa ruhusa ya kutumia lifti. Bi Tatu aliachiwa baada ya kukosekana kifungu kinachokataza vigelegele, akarudi kwenye benchi lake, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kuwaambia wageni wa foleni ile wasilie.

Wale watatu walilivuka daraja kwa miguu, Kalunde mbele na mtoto begani, Sikudhani nyuma na begi. Mwisho wa daraja palikuwa na kibanda kingine, dirisha jingine, na askari mwingine mwenye kalamu, kijana wa sare mpya. Alimruhusu Kalunde kupita, kisha akanyoosha mkono kumzuia mkewe.

"Mgeni wewe," akasema. "Umekuja kufanya nini huku?"

Sikudhani akaliweka begi chini.

"Kuishi," akamwambia. "Andika hivyo hivyo."